Sauti ya Papa Anselme

Jumatatu, 11 Mei 1998

Nimesuka vichwa sita leo saluni. Wa mwisho alitaka msuko wa twende kilioni, mistari midogomidogo, nimemaliza saa kumi na moja vidole havina hisia. Teksi kutoka mjini, nimeshuka kwenye robot ya Point, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani hapa Durban, nimenunua mkate na maziwa. Beya, mwenzangu wa chumba, yuko kwenye cherehani vilevile nilivyomwacha asubuhi. Vitambaa vya sare hadi juu ya kitanda changu. Nimefoka. Amesogeza viwili, vingine kaviacha.

Ni sare za kuanua matanga. Baba yake, Papa Anselme, alifariki Lubumbashi mwezi Juni mwaka jana. Beya hakwenda kuzika. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado, angetoka asingerudi. Kwa Wakongo mwaka ukitimia kilio kinafungwa kwa furaha: watu wanavaa kitambaa kimoja, wanakula, wanacheza mpaka soli zinaachia. Tarehe sita Juni, ukumbi wa kanisa kule Umbilo. Mimi Mwislamu wa Tanga nimekabidhiwa pilau, na nimesema wazi kwamba sufuria yangu haiguswi na mtu.

Nina hamu na siku hiyo. Mwaka mzima chumba chetu hakijapigwa muziki.

Jumatano, 13 Mei

Beya hataki sherehe tena. Kasema wakati wa chai, bila kuinua macho.

"Ya Zaina," maana kwao dada mkubwa ni Ya, "sauti ya papa imenipotea."

Uso anaukumbuka kwa sababu picha ipo ukutani. Sauti hapana. Akijaribu kuivuta anamsikia yule jirani aliyempigia simu kumwambia mzee amefariki. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka mitano, baba akamlea peke yake, hana kaka wala dada wa kumkumbusha. Hata visa vya baba yake haviji, anasema, kwa sababu katika kila kisa mzee anafungua mdomo na hakitoki kitu. "Nitacheza juu ya nani? Juu ya picha?"

Nimemwonea huruma. Halafu nimemkasirikia, sare arobaini ameshazikata.

Kisha akafungua sanduku lake akatoa kaseti. Miaka miwili tunalala chumba kimoja, sikujua kama ipo. Kumbe Papa Anselme alikuwa msimulizi wa sinema. Kila Jumapili mchana ukumbi wa parokia ulionyesha filamu za Kifaransa, na wengi hawakujua Kifaransa, basi yeye alikaa kwenye projekta, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine umeshika kipaza sauti, akaisimulia filamu nzima kwa Kiswahili. Sauti za wanaume, za wanawake, hata ya mbwa. Siku moja mtu alimrekodi. Ilikuwa filamu ya fundi saa anayerudi kwenye siku zilizopita. Mtaa mzima uliipenda, waliirudia miaka nenda miaka rudi.

Hajaisikiliza tangu msiba. Anaogopa. Anataka amsikie baba yake pamoja na picha, watu wamejaa, kama zamani. Kwa hiyo mambo ni hivi: filamu ikipatikana, sherehe ipo. Isipopatikana, sare zinarudi kuwa vitambaa. Kanipa kaseti niitunze. Nimeapa mbele yake kwamba nitaipata hiyo filamu.

Najua pa kuanzia.

Alhamisi, 14 Mei

Mwalimu Wafula ni Mkenya, anafundisha Kifaransa chuo kikuu, anakaa Umbilo. Kila Alhamisi anakuja saluni kwetu. Hana unywele hata mmoja. Anasema anakuja kuzungumza Kiswahili. Wenzangu wanacheka hadi wanawachoma wateja na kitana.

Leo nimefurahi kumwona, na sikumficha. Nikamhadithia kama Beya alivyonihadithia. Fundi saa, mkewe amekufa. Mwanamke mzee mwenye duka la dawa ana kabati la chuma ghalani. Ukijifungia humo unatokea kwenye siku uliyokwisha kuiishi. Lakini kila ukirudi, kumbukumbu yako moja imetoweka.

Mwalimu akajishika kipara. "Wacha! Hiyo naijua. Niko nayo kwa nyumba!"

Akaanza somo. Kwamba Wafaransa wakitengeneza filamu ya mambo ya kisayansi hawahangaiki na roketi. Wanamchukua mtu mmoja mwenye huzuni, wanamweka chumbani, wanamtesa kwa kumbukumbu zake. Kwamba kurudi nyuma kwao si safari, ni jeraha. Kwamba mwisho wa filamu hii aliulilia akiwa mwanafunzi. Nikamwambia mwisho ninaoujua mimi ni tarehe sita Juni, alete mkanda. Amemwazima mwanafunzi wake, utarudi wiki ijayo. Ataleta Jumapili ile ya pili.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Beya. Kanikumbatia na sindano kifuani, imenichoma. Sijali.

Jumamosi, 16 Mei

Mimi ni mjinga. Iandikwe hivyohivyo.

Nilitaka kusikia kidogo tu. Nani asingetaka? Saluni ilikuwa na mteja mmoja, nikaitia kaseti kwenye redio. Kwanza mngurumo wa mashine, watoto wanapiga kelele, mtu anakohoa. Halafu yeye. Sauti nzito, ina kicheko ndani yake hata kabla hajacheka. Akamsemea yule mwanamke wa duka la dawa kwa sauti nyembamba, ukumbi ukavunjika mbavu, na mimi nikavunjika mbavu, mikono kwenye kichwa cha mteja.

Mara sauti ikaanza kulia kama mbuzi. Kisha kimya. Redio imeimeza kaseti. Nilipofungua, utepe umejisokota ndani ya mashine mzima mzima.

Beya hajui. Amenikaangia samaki. Nimemla huyo samaki nikitazama sahani.

Jumapili, 17 Mei

Nimefungua saluni peke yangu, nimefunga mlango kwa ndani. Bisibisi ya kikaushio cha nywele. Kibano cha nyusi. Taulo jeupe mezani. Nimeutoa utepe shubiri kwa shubiri, nimeunyoosha juu ya kioo kwa ukucha wa kidole gumba. Kipande kimoja kimechanika kabisa, urefu wa kidole cha kati. Hicho nimekikata. Nimeunga kwa karatasi ya gundi iliyokatwa nyembamba kuliko uzi wa rasta. Saa nne nzima. Mgongo umekufa.

Inacheza. Palipokatwa pamepotea maneno kama manne hivi. Mengine yote yapo. Nimelia, nikacheka, nikaenda kwa Mtanzania mwenzangu wa duka la simu mwenye redio ya milango miwili, nikamwambia atoe nakala sasa hivi na asiniulize kitu.

Jumanne, 19 Mei

Nimemwambia. Siku tatu zilitosha.

Beya akaichukua kaseti, akasogea dirishani, akaitazama ile sehemu niliyounga, kwa muda mrefu sana. Nilitamani anitukane.

"Umeshona muzuri," akasema.

Basi. Akarudi kwenye cherehani. Nilipokuwa nimeshajifunika shuka akauliza kama mzee alikuwa anacheka. Nikamwambia anacheka sana. Akageukia ukuta. Nadhani alikuwa anatabasamu, ila sikuona.

Jumapili, 24 Mei

Siku mbaya. Ilianza vizuri mno.

Mwalimu amekuja na mkanda wa video na ndizi. Tumekaa watatu kitandani kwangu, televisheni sauti chini kabisa, nakala ya kaseti kwenye redio. Nilimwambia Beya tujaribu dakika tano tu, tuone kama vinaendana, mengine asubiri siku ya watu. Alikubali, akajiziba masikio. Kisha akaondoa kidole kimoja. Kisha vyote viwili.

Tukabonyeza kwa pamoja. Jamani. Papa Anselme anasema "muone, anafungua mlango," na mlango unafunguka. Anasema "ule mbwa ataangusha kikombe," kikombe kinaanguka. Beya alinishika paja mpaka limewaka. Hakuna aliyekumbuka dakika tano. Fundi saa akaingia kwenye kabati la chuma, akafunga mlango, na kwenye kaseti mashine ikanyamaza, mzee akawaambia watu wanyooshe miguu abadilishe bobini. Wao ndivyo wanavyoliita lile gurudumu la filamu.

Baada ya hapo ikaharibika. Mzee anasema muoneni anatembea peke yake kwenye mvua, hajui tena nyumba yake iko wapi. Kwenye picha jua kali, fundi na mkewe wanakula zabibu chini ya mti. Mzee anasema analia. Kwenye picha anacheka. Tukasogeza mbele, tukarudisha nyuma, wapi.

Mwalimu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. "Mzee alikuwa anatunga tu. Hao watu walidanganywa, pole."

Beya akainuka, akavaa viatu, akatoka. Nimemwambia Mwalimu achukue ndizi zake aende. Mkanda aliuacha.

Jumatatu, 25 Mei

Sare zimekunjwa zote, zimefungwa kwa kamba. Beya anasema atawaambia watu Jumapili kanisani kwamba hakuna shughuli. Hakasiriki, ndilo linalonitisha. Anasema sauti ameipata na afadhali asingeipata, maana imemjia na aibu. Miaka yote alijivunia baba aliyejua Kifaransa kuliko mtaa mzima.

Nilimwambia hata kama alitunga, alitunga vizuri. Ilikuwa kauli ya kipumbavu. Kaendelea kufagia.

Jumanne, 26 Mei

NIMEPATA.

Niandike polepole nisije nikajichanganya.

Saluni haikuwa na mtu asubuhi. Nikasikiliza nakala yote, mwanzo hadi mwisho, nikaandika kwenye daftari la miadi kila anachosema mzee. Mvua. Anasahau nyumba. Anasahau kazi yake, anaishika saa mkononi hajui inafunguliwaje. Anapita mbele ya picha ya mkewe dukani kwa mpiga picha, haitambui. Hapo mzee anabadilisha bobini mara ya pili. Halafu mti, zabibu, mkewe, jikoni. Zabibu! Zabibu zipo, ila ziko mwisho.

Nikamwachia mwenzangu mteja aliyeingia, nikakimbia nyumbani, kutoka mjini hadi Point kwa miguu kwa sababu teksi ilikuwa bado haijajaa. Nikaweka mkanda. Nikaisogeza picha hadi kwenye mvua, nikaiwasha kaseti penye mvua. Imeingia neno kwa neno. Nikarudisha picha kwenye zabibu, nikaiwasha kaseti penye zabibu. Neno kwa neno!

Papa Anselme hakutunga chochote. Filamu ina bobini tatu, na yeye alionyesha ya kwanza, kisha ya tatu, kisha ya pili. Na kwa vile ni filamu ya mtu anayekwenda mbele na nyuma, ukumbi mzima haukushtuka.

Beya aliporudi na uzi alinikuta narukaruka juu ya kitanda. Nimemwonyesha mara tatu. Mara ya tatu alikaa chini sakafuni akasema, "Eish." Kisha akafungua kamba ya sare.

Alhamisi, 28 Mei

Mwalimu amekuja saluni na sura ya mtu aliyefukuzwa na ndizi zake. Nimemwacha asimame dakika kumi ndipo nikamwambia.

Alishangaa, kisha akataka kuandika makala, kisha nilipomwambia tunataka mkanda mpya wenye mpangilio wa Papa Anselme akapandwa na hasira. Kwamba hiyo ni kuharibu sinema ya watu. Kwamba mwisho wa filamu ni fundi anapita mbele ya picha asimjue mkewe, na humo ndimo mna maana yote, ukiuhamisha umeua. Nikamwuliza Papa Anselme ameua nani, mbona mtaa mzima Lubumbashi ulirudi nyumbani unacheka miaka nenda rudi na hakuna aliyepelekwa hospitali? Wateja wakanipigia makofi.

Akafikiri. Akaomba maji. Akasema atasaini kuazima deki ya pili ya video chuoni, maana ya kwetu peke yake haiwezi. Na kwamba mwisho wa kila bobini huwa kuna kiduara cheusi kidogo kinachopita kwenye kona ya picha, juu kulia, kumwambia mwendesha mashine ajiandae. Hapo ndipo tutakata.

Huyu mtu ana faida. Nimemruhusu arudi Jumapili. Na ndizi.

Jumapili, 31 Mei

Deki mbili, nyaya kila mahali, tumeanza saa tatu asubuhi. Kazi ni kukesha macho kwenye kona. Kiduara kinapita kama inzi, ukipepesa kimekwenda. Mwalimu kidole kwenye kitufe cha kurekodi, mimi kazi yangu kupiga kelele. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili jirani alibisha hodi anataka kujua kama video yetu itakuwa huru kombe la dunia likianza. Mara ya tatu tumeshika. Bobini ya kwanza, ya tatu, ya pili. Saa nane mchana mkanda mpya uko tayari, Mwalimu ameufungia kwenye mfuko wake wa koti kama pasipoti.

Jambo moja nataka nilikumbuke. Tulipokuwa tunangoja, Mwalimu alikuwa akimweleza Beya, kwa upole safari hii, kwamba bila shaka vifuniko vya makopo ya filamu vilibadilishana huko misheni, na mzee maskini hakuweza kujua. Beya alikuwa anapiga pasi.

"Namba iko pa filme yenyewe," akasema, kwa Kiswahili chao ambamo njo ni ndiye au ndipo, na dimanche ni Jumapili. "Mwanzo ya kila bobini. Papa njo alikuwa anaiingizaka mu mashini, kila dimanche. Alijua."

Mwalimu akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, akarudi kwenye deki.

Mimi nimelifikiria jioni yote. Mgane kijana, mtoto wa miaka mitano nyumbani, na ana filamu ambayo mwishoni mtu anampoteza mkewe hata kwenye kumbukumbu, ila ukibadili tu mpangilio, mke anarudi. Hata mimi ningebadili. Tena ningekuwa mkali kwa atakayeuliza.

Jumatano, 3 Juni

Sare zimekwisha. Za kijani na njano, ndege wakubwa. Yangu inabana makalio, Beya anasema ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu naye kashonewa shati, amelijaribu saluni, kajitazama kwenye vioo vyote.

Mdalasini na iliki nimeagiza kwa Wahindi wa mjini. Mchele kilo ishirini. Beya ameanza kunikosoa pilau kabla sijalipika, dalili njema.

Ijumaa, 5 Juni

Naogopa. Kaseti inakwenda taratibu kidogo kuliko video. Tumepima leo: kila baada ya dakika chache sauti inabaki nyuma ya picha. Hakuna redio ya kurekebisha hilo. Dawa ni mtu mmoja akae na vidole kwenye vitufe, picha ikitangulia anaigandisha kufumba na kufumbua, sauti iifikie. Filamu nzima. Mwalimu ana mikono ya chaki, anashtuka. Itakuwa mimi.

Nikikosea, mbele ya watu sabini, mzee atamsemea mbwa wakati mke anaongea. Beya anasema niko na mikono ya kusuka, sitakosea. Ninawaza ile redio iliyomeza.

Jumamosi, 6 Juni

Miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Sauti imekauka. Naandika vivyo hivyo.

Watu hawakuwa sabini. Walizidi mia. Wakongo wote ninaowajua na nisiowajua, Watanzania wa maduka ya simu, Wakenya wa chuo walioletwa na Mwalimu, padri, watoto sakafuni mbele. Pilau liliisha saa nane, sufuria imekwanguliwa. Kisha Beya akasimama na ndege wake wa kijani na njano, akasema kwa sauti ndogo kwamba papa yake hakuzikwa na yeye, basi leo papa mwenyewe atawakaribisha. Madirisha yakazibwa kwa khanga, projekta ya video ya chuo ikaelekezwa ukutani. Nikakaa nyuma, kando ya deki, mahali ambapo yeye angekaa.

Mngurumo wa mashine. Watoto wa Lubumbashi wakapiga kelele ndani ya kaseti. Papa Anselme akawaambia wakae, na watoto wa Durban, wallahi, wakakaa.

Sikuitazama filamu. Nilitazama midomo tu, na vidole vyangu. Gandisha, achia. Gandisha, achia. Jasho linaingia machoni. Kwenye kipande kilichokatwa pakawa na shimo dogo, mama mmoja wa Kikongo akalijaza kwa sauti, neno kwa neno, kumbe alikuwepo kule ukumbini enzi za usichana wake. Watu wakageuka kumtazama. Akasema, "Endelea, endelea!"

Sauti ya mwanamke wa duka la dawa ilipotoka, ukumbi wa kaseti ulicheka na ukumbi wetu ukacheka, nikashindwa kujua kicheko kipi ni cha nani. Ilipokuja mvua watu walinyamaza. Fundi akapita mbele ya picha ya mkewe, asiijue. Mama mmoja alisema "Mungu wangu." Mwalimu, karibu yangu, alikuwa analia waziwazi, shati la ndege limelowa. Kwake filamu ilikuwa imekwisha.

Nikageuza kaseti. Bobini ya mwisho.

Jua. Zabibu. Mkewe anakuja akiwa na kikapu. Hapo mzee alinyamaza kidogo, unasikia mashine peke yake, kisha akaongea taratibu, bila sauti za kuigiza, sauti yake mwenyewe:

"Munaona? Ameshasahau yote. Amesahau hata kama bibi yake alikufa. Njo bibi amerudia. Sasa nani atamwambia? Miye simwambie. Na weye uko kule nyuma, unyamaze."

Ukumbi wote ukajibu, bila kuambiwa na mtu: tumenyamaza! Wale wa kwenye kaseti nao, kwa pamoja. Fundi na mkewe wakaanza kucheza jikoni, sufuria zimetundikwa, hamna muziki maana tumezima sauti, ila Papa Anselme akawaimbia yeye. Na Beya akapiga kelele. Nilidhani ameanguka. Alikuwa amesimama juu ya kiti, anaimba na baba yake, maneno yote, wimbo ambao miaka miwili sijausikia kinywani mwake, na sauti zao zinafanana, jamani, zinafanana kabisa.

Vidole vyangu vikaacha vitufe. Picha na sauti zikaachana, hakuna aliyejali. Walicheza mpaka saa moja. Padri alicheza. Mimi nimecheza na mwenye kipara, anacheza vibaya sana, nimemwambia, na bado sikumwachia mkono.

Jumapili, 7 Juni

Nimeamka saa nne. Mwili wote unauma. Khanga zimerudi, sufuria imeloweshwa. Mkanda wa asili uko mezani, nitamrudishia Mwalimu Alhamisi, au nitampelekea mwenyewe Umbilo, sijaamua.

Beya alikuwa ameshachemsha chai. Nilipokaa akaanza kunieleza jinsi mzee alivyounguza uji kila asubuhi ya shule na kumlaumu mkaa. Akaniigizia sauti yake akimtukana muuza mkaa. Halafu ya siku alipomsuka nywele kwa mara ya kwanza, mistari ikaelekea kila upande, shule nzima ikacheka. Halafu alivyoogopa kuku. Chai imepoa, nimechemsha nyingine, nayo imepoa. Nimemwambia aninyamazie kidogo niandike, amekataa. Anaongea kutoka jikoni nikiwa hapa kitandani. Anaiga sauti ya baba yake, kisha ya kuku, kisha yake mwenyewe alipokuwa mdogo, na anacheka kabla hajafika mwisho.

Sasa ananiita. Kuna ya shangazi yake na baiskeli, anasema hiyo bado hajanipa. Naenda.